Namba ya kitabu chako inamtaja nani?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa waandishi wanaojichapishia wenyewe, na karibu zote zinahusu ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, na msimbopau, ile mistari myeusi nyuma ya jalada. Nimechagua hizi.

Kiwanda kinachonichapia kinasema kina namba za ziada, na kitanipa moja bure nikichapa nakala 500. Nichukue? (Morogoro)

Usichukue. Wao ni wachapaji, wewe ni mchapishaji, na nitaendelea kuirudia tofauti hii hadi ieleweke. Mchapaji hutia wino kwenye karatasi akalipwa ujira wake. Mchapishaji ndiye aliyeamua kitabu kitoke, akabeba gharama, na ndiye atakayeulizwa kikiwa na kasoro. Namba ni ya huyu wa pili.

Itazame yenyewe. 978 inasema hiki ni kitabu. 9976 au 9987 inasema kimesajiliwa Tanzania. Kenya utaona 9966, Uganda 9970. Zinafuata tarakimu za mchapishaji, kisha za kitabu, na ile ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba nyingine hazikukosewa. Kwa hiyo ukitumia namba ya kiwanda, duka au maktaba ikimtafuta mwenye kitabu itafika kiwandani.

Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuniletea kitabu chake cha mapishi ya pwani, kazi nzuri ya miaka mingi. Nikaitafuta namba yake kwenye intaneti, kikatokea kitabu cha ufugaji wa kuku. Kiwanda kilikuwa kimewapa watu wawili namba moja. Nakala 300 zilishafungwa kwenye maboksi. Tulikaa chini siku nzima tukibandika stika za namba mpya kwenye majalada, nakala baada ya nakala, na ndani, kwenye ukurasa wa hakimiliki, ile ya zamani tukaifuta kwa kalamu. Yule mama hakusema neno, lakini niliuona uso wake.

Omba namba yako. Tanzania nenda Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya nenda Huduma ya Maktaba ya Taifa. Mwandishi anayejigharamia anatambulika kuwa mchapishaji, hata kama hana kampuni. Na uombe mapema, kabla jalada halijasanifiwa. Kila wiki napigiwa simu na mtu ambaye kitabu chake kiko mashineni na namba bado hana.

Msimbopau naununua wapi? Nimeambiwa nijisajili GS1, shirika la misimbopau ya bidhaa, nipate unaoanza na 620. (Mwanza)

Huo ni wa sabuni, unga na juisi. Kitabu hakiuhitaji. Tangu Januari 2007 ISBN ina tarakimu 13, na tarakimu hizo hizo ndizo namba ya msimbopau. Mistari ni namba yako iliyochorwa ili mashine iisome. Programu za kuichora bure zimejaa kwenye intaneti, na msanifu wa jalada anayejua kazi yake hatakutoza kwa hilo peke yake.

Hela zinapotea kwenye uchoraji mbovu. Kipimo cha kawaida ni kama milimita 37 kwa 26, na usishuke chini ya asilimia 80 ya hapo. Mistari iwe myeusi juu ya weupe, na pembeni ibaki nafasi tupu, kwa sababu mashine inahitaji kujua mistari inaanzia wapi. Mistari myekundu usithubutu: mashine nyingi za kaunta zinamulika kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo haziioni. Nimeshika jalada la rangi ya damu ya mzee lenye mistari ya dhahabu. Lilipendeza sana, na hakuna kaunta iliyolisoma. Usiridhike kwa kujaribu na simu, maana kamera ya simu inaweza kusoma kile ambacho mashine ya dukani inakikataa. Chapa jalada moja, lipeleke kwenye duka lenye mashine, umwombe mhudumu alipitishe.

Kitabu kimoja kinahitaji namba ngapi? (Wengi)

Hili nimelijibu mara tatu mwaka huu, tafadhalini tunzeni majibu. Kila umbo la kitabu lina namba yake: jalada laini moja, jalada gumu moja, cha kielektroniki moja. Ukichapa tena bila kubadili kitu, namba ni ile ile. Ukipandisha bei au ukasahihisha herufi mbili tatu, ni ile ile. Ukiongeza sura, hilo ni toleo jipya na linataka namba mpya. Ndiyo maana nawashauri muombe fungu la 10 badala ya moja.

Nikipata ISBN kitabu changu kitakuwa kimelindwa? (Kisumu)

Hapana. Haki yako ilianza ulipoandika. Kuisajili ni kazi ya ofisi za hakimiliki: KECOBO kwenu Kenya na COSOTA kwetu Tanzania.

Na shule zitakinunua? (Dodoma)

ISBN si ithibati, yaani idhini ya kitabu kutumika shuleni. Nenda Taasisi ya Elimu Tanzania.

Amazon wananipa namba bure. Kuna ubaya? (Arusha)

Ukiuza kwao tu, hakuna. Lakini namba hiyo huwezi kuihamishia kwa mchapaji wa Dar es Salaam, na kwenye nafasi ya mchapishaji jina lako halitakuwepo. Huanza na 979-8, fungu la Marekani. Kitabu cha Kiswahili, kilichoandikwa Arusha, kinaingia kwenye orodha za nchi nyingine. Mimi linaniuma, na naamini kila mwandishi wetu lingepaswa kumuuma.

Jarida letu la parokia hutoka kila miezi mitatu. Tuombe ISBN? (Moshi)

Ombeni ISSN, namba ya majarida, ya tarakimu 8. Moja inatosha matoleo yote.

Kitabu cha marehemu baba kina namba inayoishia na X. Ni kosa la kiwanda? Tunataka kukichapa tena. (Tanga)

Si kosa. Kabla ya 2007 namba zilikuwa na tarakimu 10, na X ilisimama badala ya kumi kwenye nafasi ya kuhakiki. Kama mnakichapa kilivyokuwa na mchapishaji ni yule yule, mbele ongezeni 978, kisha ya mwisho ikokotolewe upya. Kama mchapishaji sasa ni ninyi familia, ombeni namba yenu. Kwa vyovyote, mkiona rasimu ya jalada ina 978 mbele na X nyuma, irudisheni kwa msanifu siku hiyo hiyo.