Taa ya mafuta ya moteri ikiwaka: kapteri ao pompu?

Kaka, unauliza kama taa ya presha ya mafuta ya moteri (oili) ikiwaka ununue pompu ya kusukuma hayo mafuta. Hapana, usinunue pompu kwanza. Taa nyekundu inayowaka moteri ikiwa ya moto tu, ukiwa umesimama, inaweza kuwa kapteri, kile kifaa kidogo kinachosikia presha ya mafuta na kuwasha taa. Pima mafuta kwa kijiti, kisha chomoa fishi (plagi ya waya) ya kapteri: ukikuta mafuta ndani yake, kapteri imepasuka, badilisha. Kwenye gari za zamani zenye waya mmoja, taa ikibaki inawaka hata umechomoa, waya ndio unagusa chuma mahali.

Jibu la kweli linatoka kwa manometa, kipimo cha presha. Toa kapteri, funga manometa kwenye tundu lile, washa moteri ipate moto. Karibu baa 1 ikiwa ralanti (moteri inazunguka bila kukanyaga), na 2 au zaidi ukikanyaga hadi mizunguko 3000 kwa dakika, presha iko sawa: kapteri ndiyo inadanganya. Ikiwa chini ya hapo, zima moteri.

Nami hapa Goma nilishabadilisha kapteri mbili bure. Jiwe la volkano lilikuwa limebonyeza karteri (bakuli la mafuta chini ya moteri), chujio ya pompu ikakosa nafasi ya kuvuta mafuta. Ingia chini uangalie.