Jibu: Kesi za hataza na Cessna yako ya Tanga

Shikamoo mzee. Umeuliza kama kesi za hataza (haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake) kule Marekani zinaweza kukuzuia kurusha ndege yako hapa Tanga. Hapana. Hataza ina mipaka ya nchi; ya Marekani haikugusi kama haijasajiliwa huku, kwa BRELA (wakala wa usajili wa Tanzania) au kupitia ARIPO (shirika la hataza la nchi za Afrika).

Kazi iko kwenye vipuri. Garmin, kampuni ya vifaa vya ndege, iliwashitaki uAvionix, watengenezaji wadogo, kwa kifaa cha ADS-B (hutangaza kwa redio mahali ndege ilipo) kinachofungwa ncha ya bawa badala ya taa, ambacho hunasa namba za transponda, yaani kifaa cha kujibu rada, bila kuvuta waya mpya. Raha iliyoje! Mimi nimeshalala chali chini ya dashibodi, nyaya zimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Sasa mtengenezaji mdogo akibanwa mahakamani, kifaa huweza kuadimika. Kabla hujalipa, muulize muuzaji kikiharibika kitatengenezwa wapi.