Kabla Hujaamini Mvua ya Kompyuta, Uliza Upana wa Kisanduku Chake

Miaka michache iliyopita nilibeba grafu hadi Ahero, karibu na Kisumu, kwa kikundi cha wakulima wa mpunga. Nilikuwa nimeichora kutokana na data ya modeli ya tabianchi ya dunia nzima, yaani programu ya kompyuta inayoiga hali ya hewa: mvua ya Aprili saa baada ya saa. Mzee mmoja akainuka, akaweka kidole kwenye kilele cha mstari.

"Mwanangu, hapa ni saa ngapi?"

"Saa sita mchana, mzee."

"Saa sita jua linachoma utosi. Mvua yetu hushuka kutoka Nandi jioni."

Alikuwa na haki. Nilirudi Kisumu nikafungua upya kila faili.

Modeli hukata anga kuwa visanduku. Nyingi za dunia nzima hutumia visanduku vya upana wa kilomita 100 hivi, nyingine 200. Weka kimoja cha kilomita 100 juu ya Kisumu: kitameza sehemu ya ghuba ya Ziwa Victoria, tambarare za Kano, milima ya Nandi na mashamba ya chai ya Kericho, kisha kuvipa vyote mwinuko mmoja. Ule ukuta wa Nandi tunaouona tukiwa Ahero unasawazishwa. Wingu la radi nalo, lenye upana wa kilomita chache tu, halina pa kukaa. Ndiyo maana wataalamu huandika kanuni ya kulikisia: joto na unyevu vikifikia kiasi fulani, mvua inyeshe. Kanuni hizo zina haraka. Jua likipanda tu, modeli inanyesha, manyunyu karibu kila siku, na dhoruba kubwa hupungua.

Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, iliendesha modeli ya Afrika nzima, CP4-Africa, kwa visanduku vya kilomita 4.5 hivi. Kanuni ya kukisia radi ikazimwa, hewa ikaachwa ipande yenyewe. Ikilinganishwa na modeli ya kilomita 25, mvua ilichelewa hadi alasiri na jioni, ikawa ya vipindi vichache vyenye nguvu. Hapa kwetu hilo ni jambo kubwa. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote za Ziwa Victoria, hukutana katikati na kuinua hewa yenye unyevu. Ndiyo radi ya alfajiri ambayo wavuvi wa Dunga huihofia. Upepo huo hauwezi kuchorwa vizuri ikiwa ziwa lote ni visanduku viwili.

Kwa hiyo ukiletewa makadirio ya kata yako, uliza kwanza modeli iliendeshwa kwa upana gani. Usikubali upana wa ramani. Nimeona ramani nzuri za kilomita 5 ambazo zilikuwa kisanduku cha kilomita 100 kilichokatwakatwa baadaye. Rangi zinapendeza, habari mpya hakuna. Kisha tazama saa ya mvua. Ikinyesha saa sita kila siku, usiitumie kupima mtaro wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, kwa sababu milimita 60 za siku nzima na milimita 60 za saa moja ni mafuriko tofauti kabisa.

Wala usizitupe modeli za visanduku vipana. Kupunguza upana wa kisanduku kwa nusu huongeza kazi ya kompyuta mara nane hivi, na CP4-Africa iliendeshwa miaka 10 tu ya sasa na 10 ya baadaye. Ukitaka kujua mwelekeo wa misimu kwa miongo, unahitaji modeli nyingi za muda mrefu. Na hizi za visanduku vidogo nazo huweza kuzidisha mvua kubwa. Zilinganishe na vipimo vya kituo cha karibu.

Niliporudi Ahero na grafu ya pili, kilele kilikuwa kimesogea hadi jioni. Mzee aliitazama kwa muda, akauliza kama mfereji wake, wenye upana wa hatua mbili, utaibeba mvua ya namna hiyo. Tukachukua kamba, tukatoka kwenda kuupima.