Isome Risiva Yako Usoni Kabla ya Kuibadilisha

Kijana wa dukani Kariakoo alinitajia milioni moja na laki nane. Risiva mpya, boksi halijafunguliwa: chaneli saba za spika, Dolby Atmos (sauti inayopita hadi juu ya kichwa), HDMI 2.1 (toleo jipya la tundu la picha na sauti), na kimaikrofoni cha kupimia chumba. Hela ya kutanguliza ilikuwa kwenye simu na moyo ulishakubali. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kwa mtu anayetaka kuuza: "Kaka, kwani huwa unaangalia nini?"

Nikaanza kuhesabu. Mpira na taarifa ya habari kwenye king'amuzi. Netflix wikendi, tena kupitia TV yenyewe. Miziki ya YouTube. Na muvi za kutafsiriwa, ambazo mama watoto na wadogo zake hawazikosi. Kijana akacheka. "Hizo za kutafsiriwa hata ufunge spika ishirini, DJ anabaki palepale." Nikamwambia nitarudi. Ni miaka mitatu sasa.

Nikisema risiva simaanishi ile ya dishi. Naongelea lile boksi zito linalopokea sauti ya TV, king'amuzi na deki, kisha linaigawa kwenye spika za mbele, ya katikati, za nyuma na ya besi. Ndani yake mna vitu viwili: prosesa inayoisoma sauti na amplifaya inayosukuma spika. Wenye hela zao hununua kila kimoja peke yake, sisi tunavipata vyote kwenye boksi moja. Na sabufa hapa ni ile spika moja ya besi, siyo seti nzima tunayoiita sabufa mtaani.

Risiva yangu ni ya mwaka 2011, mtumba wa Uingereza. Ina chaneli tano na sabufa, yaani 5.1, na HDMI ya kizazi cha 1.4. Atmos haina. Malalamiko yangu yalikuwa matatu. Watu wakiongea kwenye filamu sisikii, bomu likilipuka majirani wanasikia, kwa hiyo remoti haitoki mkononi. Spika za nyuma zimelala kama hazina uhai. Na TV niliyotoka kuinunua ina nembo ya Atmos kwenye boksi lake, basi kila nikiiona najihisi nimeachwa nyuma. Nikahukumu kwamba kosa ni uzee wa risiva.

Usiku ule nilikaa mbele yake na, kwa mara ya kwanza tangu niinunue, nikasoma maandishi ya kwenye kioo chake. Netflix inacheza filamu iliyoandikwa 5.1, kioo kinasema PLII. Hayo ni kifupi cha Pro Logic II, na maana yake ni moja: risiva imepewa sauti ya chaneli mbili tu, hizo nyingine inazibuni yenyewe. Kumbe si kwamba ilikuwa imeshindwa kazi. Ilikuwa haijaletewa.

Nikaingia kwenye TV, mipangilio ya sauti, nikashuka hadi sehemu ya sauti ya kidijitali. Imewekwa PCM, yaani sauti isiyofungashwa, ndivyo ilivyotoka kiwandani. ARC, ile njia ya kurudisha sauti ya TV kwenye risiva kwa waya uleule wa HDMI, ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na PCM ikipita humo inapita kwa chaneli mbili tu. Ukitaka 5.1 lazima sauti ipite ikiwa imefungashwa kwa Dolby au DTS, risiva iifungue yenyewe. Waya wa mwanga, ule wa optiko, nao una mipaka hiyohiyo. Nikabadilisha kutoka PCM kwenda Bitstream, yaani sauti iliyofungashwa. Kioo kikatulia kama sekunde mbili, kikaandika DOLBY D, na vile viboksi vidogo vinavyoonyesha spika vikawaka vyote.

Filamu ilikuwa kwenye tukio la mvua. Mke wangu, Mama Nasra, akageuka kuangalia dirisha.

Tangu hapo, mtu akinipigia kutaka ushauri wa risiva mpya, swali langu la kwanza ni hilo: kioo kinaandika nini ukiwa unaangalia? Kama kinaandika PLII, Stereo au Multi Ch Stereo kwenye filamu ya 5.1, wewe bado hujaisikia uliyonayo. TV nyingine huandika Auto au Pass-through badala ya Bitstream, jaribu zote ukiangalia kioo.

Sasa Atmos. Ilianza kwenye majumba ya sinema mwaka 2012, ikaingia majumbani 2014. Netflix huipeleka ndani ya mfungasho wa Dolby Digital Plus, usiozidi kilobiti 768 kwa sekunde, tena kwa kifurushi cha juu kabisa tu. Mzigo huo unapita kwenye ARC ya kawaida bila shida, na risiva isiyojua Atmos inapata 5.1 yake kama kawaida. Nilichokikosa mimi ni ile sauti ya juu, helikopta ipite kichwani. Na sauti ya juu inataka spika za juu.

Hapo ndipo hesabu ya milioni moja na laki nane inapovimba. Spika mbili za dari, waya, fundi wa kutoboa. Mimi nimepanga, na mwenye nyumba wangu hata msumari wa picha anauulizia. Kuna spika zinazolala juu ya zile za mbele na kurusha sauti darini ili irudi chini, lakini zinataka dari bapa, tupu. Dari yangu ni jipsamu ya ngazi tatu yenye duara katikati na taa za rangi, ile ambayo kila fundi wa Dar anajivunia. Ukirusha sauti pale inarudi vipandevipande. Ukinunua risiva ya Atmos ukaifungia spika tano zilezile, umenunua nembo.

Lalamiko la maneno kutosikika halikuhusu prosesa hata kidogo. Kwenye filamu, mazungumzo karibu yote hutoka spika ya katikati, na yangu nilikuwa nimeiingiza ndani ya kabati la TV, rafu ya chini, nyuma kidogo ili ipendeze. Ilikuwa inawahutubia magoti yetu. Nikaivuta hadi ukingoni, nikaikalisha kwenye vipande viwili vya kandambili mbovu ili uso wake uinuke kuelekea masikio, kisha nikaiongeza desibeli tatu kwenye menyu. Desibeli tatu ni sawa na kuiongezea spika nguvu mara mbili, ingawa sikio linaiona nyongeza ya kiasi tu. Kwa hesabu hiyohiyo, kutoka risiva ya wati 80 kwenda ya wati 100 ni desibeli moja hivi, ambayo ukiwa unakula karanga hutaigundua. Zile stika za PMPO, wati za kutia chumvi, maelfu kwa maelfu hata sizijadili.

Kuhusu chumba nitaongea kidogo zaidi, maana ndiko hela yangu ilikofanya kazi. Sebule zetu ni tofali, tailizi, madirisha ya alumini na jipsamu. Simama katikati upige kofi moja la nguvu. Ukisikia mlio unaoning'inia kama kijikengele, basi huo mlio unakaa juu ya kila neno linalotoka kwenye spika zako, na utakaa juu ya maneno ya risiva mpya vilevile. Nilinunua zulia nene kwa laki moja na nusu, nikalitandaza kati ya TV na kochi, na mapazia mepesi nikayabadilisha kwa mazito yaliyokuwa stoo. Kofi likawa kofi. Mdogo wa mke wangu alipokuja akauliza kama nimenunua spika.

Halafu kile kimaikrofoni. Risiva yangu ilikuja nacho, nilikuwa sijawahi kukitumia vizuri. Mara ya kwanza nilikilaza kwenye mto wa kochi, saa kumi na mbili jioni, bodaboda zinapita, jirani anapika na redio. Upimaji wa namna hiyo ni wa kelele za mtaa. Mara ya pili nikakifunga kwa mpira kwenye mpini wa fagio, urefu wa sikio la mtu aliyekaa, nikaamka saa saba usiku. Risiva ikatoa ile milio yake, whuuup, spika moja baada ya nyingine, mbwa wa jirani akajibu kila mmoja. Mwishoni ikanionya kwamba spika ya nyuma kushoto waya zake zimepishana, nyekundu kwenye nyeusi. Nilizifunga mwenyewe, kwa haraka, siku ya kuhamia.

Usikubali kila inachosema, lakini. Ilizipa spika zangu za mbele jina la Large, yaani za kubeba besi yote zenyewe, kwa sababu iliisikia besi kidogo kutoka kwao. Kutoa besi kidogo si kuwa na besi ya kutetemesha. Nikazirudisha Small na kuweka mpaka kwenye hezi 80, ili kila kilicho chini ya hapo kiende kwenye sabufa, ambayo ndiyo kazi yake. Spika za mbele zikapumua.

Je, kuna wakati wa kununua? Upo. Kama una deki ya Blu-ray ya 4K, una diski zenye Atmos na nyumba ni yako, nunua, maana utaisikia. Kama TV ndiyo kituo chako cha kila kitu na unataka sauti isiyobanwa kutoka vifaa vilivyochomekwa kwake, unahitaji eARC, ile ARC yenye uwezo mkubwa zaidi, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, na lazima iwepo pande zote mbili, TV na risiva. Kama ni diski za Blu-ray za kawaida, tulia: hata hii yangu ya 2011 inafungua TrueHD na DTS-HD, zile sauti za ubora wa juu za diski hizo, bila jasho.

Suala la PlayStation 5 naulizwa sana. Risiva ya zamani haipitishi picha ya 4K kwa hezi 120 (picha 120 kwa sekunde), ni kweli, lakini mashine unaichomeka kwenye TV moja kwa moja, sauti inarudi kwa ARC. Kumbuka tu kuingia kwenye mipangilio ya sauti ya PS5 uchague Dolby badala ya Linear PCM, la sivyo utarudi kulekule kwenye chaneli mbili. Sauti inaweza kuchelewa kidogo. Mwanangu anasema anaigundua, mimi siigundui. Na ukifuata mtumba wa HDMI 2.1, angalia mwaka. Risiva kadhaa za kwanza, za 2020, zilitoka na chipu yenye hitilafu kwenye picha hiyohiyo ya hezi 120 kwa baadhi ya mashine.

Jambo la mwisho kabla hujatoa hela ya mtumba: geuza mashine, soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Mzigo wa Uingereza na Dubai unakubali, lakini wa Marekani ni 120 na wa Japani ni 100. Shemeji yangu alinunua ya Japani, nzuri, inang'aa kama ya jana, muuzaji akambadilishia plagi ya ukutani akamwambia iko tayari. Alipoiwasha ilisema pa! mara moja, ukatoka moshi mwembamba, na harufu ile ilikaa sebuleni hadi Ijumaa. Zipo transfoma za kushusha volti, lakini inayobeba risiva ya ukubwa huo ni nzito na bei yake lazima uiingize kwenye hesabu toka mwanzo.

Yangu nayo inazeeka. Ilikuja na matundu manne ya HDMI ya kuingizia. La kwanza lilikufa mwaka juzi baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, nikanunua stebilaiza siku iliyofuata. La pili limeanza kupoteza picha wiki iliyopita, ukilitikisa inarudi. King'amuzi nimekihamishia la tatu, deki iko la nne. Haya mawili yakianza kuringa nitampigia yule kijana wa Kariakoo, namba yake bado ninayo, na safari hii jibu la swali lake nitakuwa nalo.