Nebula katika infraredi: maswali yenu

Swali: Nimeondoa filta iliyo mbele ya sensa ya kamera yangu, na sasa M42 (nebula ya Orioni, wingu la gesi na vumbi) inatoka nyekundu kabisa. Hii ndiyo infraredi?

Jibu: Siyo, na swali hili halikomi kuja. Wekundu huo ni wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, mwanga ambao jicho linauona. Filta ya kiwandani ilikuwa ikiukata, basi. Infraredi, mwanga ambao jicho haliuoni, huanzia takriban nanomita 750, na hiyo kidogo inayoingia sasa huzivimbisha tu nyota kwenye darubini ya lenzi. Weka filta inayokata infraredi lakini inayoachia 656. Na mkiniandikia tena, tajeni nanomita za filta yenu. Bila namba hiyo siwezi kuwasaidia.

Swali: Nimefunga filta inayopitisha kuanzia nanomita 850. Mbona wingu limefifia na nyota zimekuwa vidonge?

Jibu: Wingu limefifia kwa sababu umeufungia nje mwanga wake mkuu. Umebakiwa na mistari ya salfa ya nanomita 907 na 953, mistari hafifu ya haidrojeni, na mwanga wa nyota unaotawanywa na vumbi. Sensa ya silikoni nayo huchoka upesi huko na hufa karibu na 1,100. Piga fremu za dakika mbili au tatu, ukusanye saa kadhaa, kisha uzipange pamoja. Anga lenyewe hung'aa zaidi katika mawimbi haya, hata penye giza totoro, ila mbalamwezi husumbua kidogo kuliko ulivyozoea.

Nyota kuvimba ni fokasi. Lenzi hupinda infraredi kidogo kuliko mwanga mwekundu, kwa hiyo taswira inaangukia nyuma zaidi. Tafuta fokasi upya filta ikiwa mahali pake. Bado hazikazi? Tumia darubini ya kioo kinachoakisi, ambacho hukusanya mawimbi yote sehemu moja.

Swali: Je, kamera ya joto, ya mikromita 8 hadi 14 (nanomita 8,000 hadi 14,000)?

Jibu: Usinunue. Lenzi za kioo haziyapitishi mawimbi hayo, na darubini pamoja na hewa vyenyewe hung'aa katika mawimbi hayo. Kifaa cha MIRI, kamera ya infraredi kwenye darubini ya anga za juu ya Webb, hupozwa chini ya kelvini 7 (takriban nyuzi -266 za Selsiasi) kwa sababu hiyohiyo.

Swali: Infraredi hupenyaje vumbi?

Jibu: Punje nyingi ni ndogo kuliko wimbi lenyewe. Pale vumbi linapopunguza mwanga wa kawaida mara milioni 100, kwenye mikromita 2.2 hupunguza kama mara 8 tu. Lakini acheni kusema infraredi "inaondoa vumbi". Ukifika mikromita 10 na zaidi, vumbi ndilo linalong'aa: katika picha ya MIRI ya nguzo za vumbi za M16 (nebula ya Tai), nyota nyingi zimepotea.

Swali: Rangi za Webb ni za kubuni?

Jibu: Zina utaratibu: wimbi fupi hupewa bluu, refu nyekundu. Anayechapisha picha bila kutaja filta ndiye wa kulaumiwa. Pakua mafaili ya FITS (muundo wa picha ghafi za wanaanga) kwenye MAST, hifadhi ya data za darubini za anga za juu, bure. Kwa M16 anza na filta F187N, F335M na F444W (187 ni mikromita 1.87, na kadhalika). Ukiona doa jeusi katikati ya nyota angavu, usitangaze shimo jeusi. Pikseli zilijaa mwanga kupita kiasi, programu ikaziacha tupu.