Kutu ya uvunguni: ipi ya kupuuza, ipi ya kukimbia

SWALI: Nimeona Toyota Fielder ya mwaka 2019 kwa muuzaji mmoja hapa mjini, imefika majuzi kutoka Japani. Uvungu wote umepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Gia boksi ina unga mweupe, na ekseli ya nyuma ina kutu. Muuzaji anasema rangi ni ya kuikinga na matope ya uwanda wa Kano. Niinunue?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

JIBU: Ekseli isikunyime usingizi. Ni chuma kinene cha milimita kadhaa, na kutu ya juu juu ikisuguliwa kwa brashi ya waya huacha chuma kizima. Bati la sakafu na la chini ya milango ndilo la kuhofia, kwa kuwa unene wake ni kama milimita 0.7 hadi 1 tu. Kutu ileile isiyoitikisa ekseli hutoboa bati hilo. Basi kabla ya kuuliza kutu ni nyingi kiasi gani, uliza iko wapi.

Unga mweupe una habari yake. Gia boksi hiyo ni ya alumini, na alumini haipati kutu nyekundu. Ikiliwa na chumvi hutoa unga mweupe. Pangusa kwa kitambaa kibichi. Likiwa vumbi tu, litatoka lote na kuacha alumini laini. Ikiwa ni chumvi, itayeyuka, kisha weupe urudi panapokauka. Ukiona vishimo vidogo vilivyobaki, alumini imeshaliwa. Dalili kama hizo huonyesha kwamba huenda gari liliishi Hokkaido, Aomori, Niigata au kwingine kwenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani, na ulinganishe nambari ya chesisi. Kwenye mchoro wa gari, S ni kutu na C ni bati lililoliwa. Nambari inayofuata ikipanda, hali ni mbaya zaidi. Kutu ya uvunguni mara nyingi huandikwa pembeni kwa Kijapani, *shitamawari sabi*, kwa hiyo piga picha maandishi yote uyatafsiri kwa simu.

Sasa rangi, ambayo ndiyo inayotutia shaka kuliko vyote. Kinga ya kiwandani haipakwi juu ya raba za bushi, vichwa vya bolti, sailensa wala nyaya. Ukikuta vyote vimepigwa weusi mmoja, aliyepaka alikuwa na haraka. Rangi ya lami ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani, na bati huendelea kuliwa gizani huku nje kukimeremeta. Mwombe muuzaji akuruhusu ukwangue sehemu mbili zenye ukubwa wa sarafu: moja kwenye mshono wa bati karibu na mahali pa kupigia jeki, nyingine ndani ya madigadi ya nyuma. Akikataa, mwachie gari lake.

Akikubali, gari lipelekwe kwenye shimo la gereji au liwekwe juu ya stendi. Usiingie uvunguni mwa gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gonga bati kwa mpini wa bisibisi ukifuata mshono. Bati zima hulia kwa sauti kali; lililooza hutoa sauti butu, na mara nyingine magamba hudondoka. Mshono uliovimba ni ishara mbaya, kwani kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na kwa hiyo husukuma mabati mawili yakaachana. Sukuma kwa ncha ya bisibisi bila kupiga. Ikizama, hapo pana kazi ya kukata na kuchomelea.

Kisha inua zulia la buti utazame shimo la gurudumu la akiba na mahali vichwa vya shokamzoba vinaposhikwa na bodi. Fuata mabomba ya breki hadi nyuma, hasa kwenye vishikio vyake, maana matope hukaa hapo. Bomba hilo lina kipenyo cha milimita 4.76 na ukuta wa kama 0.7. Kutu ikishalichimba vishimo, libadilishwe. Usilisugue ukapaka rangi. Hupasuka unapokanyaga breki kwa nguvu, yaani siku unapoihitaji hasa.

Kwa wanaotazama X-Trail au Forester: angalieni pia bolti za alaimenti za nyuma. Zikigandana na bushi, fundi atalazimika kuzikata, na mtalipia bolti, bushi, pengine na mkono mzima wa saspensheni.

SWALI: Pikapu yangu ya Hilux hubeba mbolea na samadi shambani. Fundi anashauri nimwagie oili chafu ndani ya chesisi. Ni sawa?
*Mkulima, Njoro, Nakuru*

JIBU: Oili bila kuosha ni kazi bure. Mbolea kama CAN na DAP ni chumvi. Hunyonya unyevu hewani na kukaa ndani ya chesisi kama tope linalokula chuma usiku na mchana. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya chesisi, uanzie mbele, hadi maji yatoke safi nyuma. Zibua matundu ya kutolea maji kwa waya. Acha gari juani siku mbili, kisha nyunyiza nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu. Lita 2 hadi 3 hutosha. Oili chafu huvimbisha raba, huchuruzika ardhini, na ikifika kwenye breki utajuta. Kabla ya hayo yote, gonga chesisi juu ya ekseli na penye vishikio vya springi. Pakiwa pametoboka, bati la kubandika juu halisaidii: kata hadi chuma kizima, chomelea chuma cha unene uleule, na terminali hasi ya betri ing'olewe kwanza.

SWALI: Nitajuaje kama gari lilizama kwenye mafuriko?
*Msomaji, Ahero*

JIBU: Nje huoshwa, kwa hiyo tafuta pasipofikiwa na mpira wa maji. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho uone kama una mstari wa matope. Tazama bolti za viti chini ya zulia, kisha upapase juu ya chesisi au juu ya tangi la mafuta kwa kidole: tope laini kama unga, lililotulia kwa usawa, halikurushwa na magurudumu. Mwisho fungua soketi moja ya nyaya chini ya dashibodi. Ukikuta ukijani kwenye shaba, usiendelee kutafuta.