Mchezaji anapogeuka kocha: jifunze kwanza kunyamaza

Vijana wengi wananitumia ujumbe wa aina moja: kaka, nimecheza Counter-Strike, lile gemu la kompyuta la timu mbili kurushiana risasi, kwa miaka, sasa nataka ukocha, nianzie wapi? Nami huwajibu kwa swali. Ukimwona mwenzako anaingia kwenye mtego ulioushtukia mapema, utaweza kukaa kimya?

Siulizi hivyo kumtisha mtu. Agosti 2016 Valve, wenye gemu, walitoa kanuni kwa mashindano yao makubwa, Major: wakati huo kocha aliruhusiwa kuzungumza na wachezaji wakati wa kupasha moto, mapumziko ya kati, na kwenye taimauti nne za sekunde 30. Basi. Kabla ya hapo zilikuwepo timu ambazo kocha ndiye aliyeita mbinu raundi kwa raundi. Kwa mtu aliyetoka kucheza, kimya hicho ni kigumu, maana mikono bado inawasha.

Sekunde 30 zinabeba sentensi moja. Mimi huiandika kwenye daftari kabla ya kufungua mdomo, na nikikuta ndani yake kuna "halafu pia", naikata. "Wakiwa na hela wanarundikana B, nendeni A." Imetosha. (Hela ni ya ndani ya gemu, ya kununulia silaha; A na B ni saiti, sehemu mbili za ramani ambazo timu moja inashambulia na nyingine inalinda.) Mengine yote yawe yamefanyika kabla ya mechi, na hapo ndipo ukocha wenyewe ulipo.

Kijana mmoja niliyemfundisha alikuwa akilinda saiti A kwenye ramani ya Mirage, na kila mara anauawa na mtu anayetokea ikulu, njia mojawapo ya kuingilia A. Wenzake wakasema shabaha yake mbovu. Tulipofungua demo, yaani rekodi ya mechi, sikusimama pale alipofia. Nilirudi nyuma mpaka kabla adui hajatokea, nikamuuliza: hapa ulikuwa unajua nini? Akasema alisikia nyayo, akadhani wote wanakuja, akarusha bomu la moshi kuziba njia. Moshi ukaisha wakati ndiyo kwanza wanafika, akabaki peke yake na njia mbili za kutazama. Kumbe aliyepaswa kusema ni mwenzake aliyelinda konekta, njia inayounganisha A na katikati ya ramani; aliona kuwa katikati kumetulia, angeweza kuja kumsaidia, na asitamke neno. Shabaha haikuwa na kosa lolote. Ningekuwa bado na kichwa cha mchezaji, ningemwonyesha namna ya kulenga.

Msome Danny Sørensen, yule zonic wa Denmark. Alicheza Counter-Strike 1.6, toleo la zamani la gemu, kisha akaingia ukocha, akatwaa Major nne na Astralis, timu ya kwao Denmark: Atlanta 2017, London 2018, Katowice na Berlin 2019. Mwaka 2023 akaongeza ya tano Paris, safari hii na Vitality ya Ufaransa. Watu husifia mabomu ya moshi ya Astralis, na yalistahili sifa, lakini kinachonivutia zaidi ni kwamba timu ile ilimleta Mia Stellberg, mwanasaikolojia wa michezo kutoka Finland, awasaidie wachezaji waliokuwa wakiyumba kwenye mechi kubwa. Kocha mzuri anajua kazi ipi si yake.

Kwetu Afrika Mashariki nauona ukocha kama mlango ulio wazi kuliko kucheza. Mchezaji wa Dar au Nairobi anapambana na ping, yaani ucheleweshaji wa mtandao, ya seva za Dubai, Johannesburg au Ulaya, na umeme nao ukikatika mazoezi yamekwisha. Demo haijali ping. Mechi za timu kubwa zinapakuliwa bure, unaziangalia usiku kucha ukitaka, na unaona kilekile anachoona kocha wa Copenhagen.

Jiepushe na njia za mkato. Mwaka 2020 makocha 37 walifungiwa na ESIC, tume ya kusimamia uadilifu wa michezo ya gemu, kwa kutumia hitilafu ya gemu iliyowawezesha kuchungulia sehemu za ramani wasizopaswa kuziona. Wengine walikuwa na majina makubwa.

Na kabla hujakubali timu yoyote, andikianeni mambo matatu: utalipwa mshahara au asilimia ya zawadi, nani analipia intaneti, na nani mwenye neno la mwisho la kumweka mchezaji benchi. Hilo la tatu wengi wanaona aibu kuliuliza. Liulize mapema, wakati hakuna jina la mtu mezani, kwa sababu siku utakayolihitaji huyo mchezaji huenda akawa rafiki wa mwenye timu.